Somo la Jikoni: Matumizi Salama ya Oveni ya Ukutani Yenye Maikrowevu



Yeyote anayepita katika mitaa mipya ya Katoro, Kahama au Geita mjini huona jinsi nyumba zinavyobadilika. Jiko lililokuwa kibanda cha uani sasa limeingia ndani ya nyumba, likapata kabati za mbao, sinki la chuma na, katika baadhi ya nyumba, oveni iliyojengewa ukutani pamoja na maikrowevu. Mabadiliko haya yanaendana na mwelekeo wa Taifa. Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa Mei 2024, unalenga kuwa ifikapo mwaka 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ya kupikia, na umeme ni mojawapo ya nishati hizo.

Hata hivyo, hatari ya kifaa hiki haifanani na ile ya jiko la mkaa. Moto wa mkaa huonekana, na kila mtoto aliyekulia kwetu amefundishwa na bibi yake kukaa mbali nao. Oveni ya ukutani haina mwali wala moshi wa kumwonya mtu. Tena, mara nyingi aliyeinunua siye anayeitumia. Mwenye nyumba huondoka alfajiri kwenda machimboni, dukani au ofisini, akimwachia kifaa dada wa kazi, au mtoto atakayerudi shuleni na njaa, ambao hawakuelezwa lolote zaidi ya kitufe cha kuwashia. Somo hili limeandaliwa kwa ajili ya wote: anayenunua na anayepika.

1. Kifaa kimoja, joto la aina mbili

Oveni za ukutani zenye maikrowevu ziko za namna mbili. Zipo zenye vyumba viwili, maikrowevu ikiwa juu na oveni chini, vyote katika fremu moja. Zipo pia zenye chumba kimoja kinachofanya kazi zote mbili, kwa zamu au kwa wakati mmoja. Mkazi anapaswa kujua kwanza ana kifaa cha namna gani, kwa kuwa kanuni za usalama hutegemea jambo hilo.

Oveni hupasha hewa. Nyaya zake hupata moto, hewa hupata joto, na chakula huiva kuanzia nje kuelekea ndani. Joto lake huweza kufika nyuzi 250 za Sentigredi, na kuta zake hubaki za moto kwa muda mrefu baada ya kuzimwa.

Maikrowevu haipashi hewa. Hutoa mawimbi yanayotetema takribani mara bilioni 2.45 kila sekunde, nayo huyatikisa maji yaliyomo ndani ya chakula hadi yapate joto. Mawimbi hayo hupenya chakula kwa sentimita chache tu, kisha joto husambaa lenyewe. Ugunduzi wa matumizi haya ulitoka kwenye teknolojia ya rada: mhandisi Percy Spencer wa kampuni ya Raytheon nchini Marekani aliubaini mwaka 1945, na maikrowevu ya kwanza ya biashara ikatoka miaka miwili baadaye.

Wapo wanaoogopa kwamba mawimbi hayo hubaki ndani ya chakula. Hofu hiyo haina msingi. Mawimbi hukoma papo hapo kifaa kinapozimika au mlango unapofunguliwa, kama mwanga wa taa unavyokoma swichi ikizimwa. Wavu wa chuma unaoonekana kwenye kioo cha mlango una matundu madogo kuliko mawimbi, hivyo huyazuia yasitoke. Kwa sababu hiyo, mlango uliopinda, uliolegea au usiofunga sawasawa ni sababu tosha ya kuacha kutumia maikrowevu hadi itengenezwe.

2. Kabla ya kuwasha: umeme, kabati na hewa

Umeme wa majumbani nchini Tanzania ni wa volti 230 na mitetemo 50 kwa sekunde. Kila kifaa cha umeme kina kibandiko cha taarifa, ambacho kwa oveni mara nyingi huwa kwenye fremu, na huonekana mlango ukifunguliwa. Kisome kabla hujalipa fedha. Oveni ya mtumba iliyotengenezwa kwa ajili ya Marekani huweza kuandikwa volti 120, au kuhitaji mitetemo 60. Kifaa cha namna hiyo kikiunganishwa kwenye umeme wetu huweza kupata joto kupita kiasi au kuungua, hata kama bei yake ilikuwa nafuu.

Jambo la pili ni uwezo wa waya. Plagi ya kawaida ya pini tatu bapa hubeba ampea 13. Zidisha 13 kwa volti 230, utapata wati 2,990. Oveni yenye wati 3,450 huvuta ampea 15, na kifaa chenye jumla ya wati 6,000, oveni na maikrowevu vikifanya kazi pamoja, huvuta ampea 26. Kwa hiyo vifaa vingi vya aina hii havipaswi kuchomekwa kwenye soketi ya ukutani, na kamwe visichomekwe kwenye ekstensheni. Vinahitaji waya wake wenyewe kutoka kwenye swichi kuu, wenye unene unaolingana na mzigo, breka yake yenyewe na waya wa ethi unaopeleka umeme wa hitilafu ardhini. Waya mwembamba hauzimiki kwa kuelemewa. Hupata moto taratibu ndani ya ukuta, na familia hujua siku ya moshi. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Kazi hii ifanywe na fundi umeme mwenye leseni ya EWURA. Mwombe akuoneshe leseni hiyo kabla hajaanza kazi. Mwombe pia akupimie ethi ya nyumba na akuwekee kifaa cha kukata umeme unapovuja, kama nyumba haina.

Jambo la tatu ni kabati. Oveni lazima ikazwe kwa skrubu kwenye kabati. Isipokazwa, mlango wa chini ukifunguliwa na trei nzito ikavutwa nje, kifaa kizima huweza kuinamia mbele na kumwangukia mpishi. Nafasi za hewa zilizooneshwa kwenye kitabu cha maelekezo ziachwe wazi. Fundi seremala anayeziba nafasi hizo ili kabati lipendeze, huiacha oveni ipike mbao zake yenyewe. Maikrowevu isipandishwe juu kuliko mabega ya mtu mfupi kuliko wote wanaoitumia, kwani anayeshusha bakuli la supu kutoka juu ya uso wake yumo hatarini kuungua usoni na kifuani.

Kwa mazingira yetu ya Shinyanga na Geita, ongeza mambo matatu. Vumbi la kiangazi huziba matundu ya hewa, hivyo yafutwe kila mwezi kwa kitambaa kikavu, umeme ukiwa umezimwa. Panya hupenda joto la nyuma ya oveni na hutafuna nyaya, hivyo ukisikia mchakacho au ukiona kinyesi chao, mwite fundi kabla ya kuwasha tena. Na kwa kuwa Kanda ya Ziwa hupata radi nyingi msimu wa mvua, zima breka ya oveni mapema mawingu yanapokusanyika. Umeme ukikatika wakati wa kupika, zima kifaa pia, kwani oveni za vitufe vya kuzungusha huweza kuwaka zenyewe umeme unaporudi, hata kama nyumbani hakuna mtu.

3. Chombo gani kiingie?

Ajali nyingi hutokana na swali hili. Chombo kinachofaa upande mmoja huweza kuwa hatari upande wa pili.

Katika oveni, vyombo vya chuma vinafaa: trei, sufuria isiyo na mshikio wa plastiki, karatasi ya alumini. Vyombo vya plastiki vya aina yoyote havifai, vitayeyuka.

Katika maikrowevu, mambo hugeuka. Sufuria ya alumini, kijiko, bakuli la bati na karatasi ya alumini visiingie, kwani chuma hurudisha mawimbi na huweza kutoa cheche. Hata kikombe cha wageni chenye ukingo wa dhahabu hakifai. Sisi wa ukanda huu tunaijua thamani ya dhahabu, lakini ndani ya maikrowevu mstari ule mwembamba hutoa cheche na kukiharibu kikombe na kifaa pia. Sahani za melamini, ambazo ziko karibu katika kila nyumba, nazo zisiingie; hupata moto zenyewe na huweza kupasuka. Vyombo vya plastiki viingie tu kama vimeandikwa na mtengenezaji kuwa vinafaa kwa maikrowevu. Kopo la siagi au ndoo ndogo ya aiskrimu iliyobaki nyumbani haikutengenezwa kwa kazi hiyo.

Pale oveni na maikrowevu zinapofanya kazi kwa pamoja, chombo lazima kipite mitihani yote miwili: kistahimili joto kali, na kisiwe cha chuma. Bakuli la kioo kizito kinachostahimili joto la oveni ndilo chaguo la kawaida. Rafu ya chuma itumike tu ikiwa ilikuja na kifaa na kitabu chake kinaruhusu.

Kuna mtego mmoja kwa wenye kifaa cha chumba kimoja. Mama ameoka mkate saa kumi jioni. Saa kumi na moja mtoto anaingiza chakula ndani ya chombo cha plastiki ili akipashe kwa maikrowevu. Chombo kinafaa kwa maikrowevu, lakini kuta bado ni za moto wa oveni, nacho kinayeyuka. Chumba kipoe kwanza.

4. Chakula, maji na watoto

Maikrowevu haipashi chakula sawasawa. Ukingo wa sahani huweza kuunguza midomo huku katikati kukiwa baridi, na vijidudu hubaki hai katika sehemu hiyo ya baridi. Funika chakula kwa kifuniko kilicholegezwa, koroga katikati ya muda, kisha kiache kitulie dakika mbili. Kiporo kiwe cha moto hadi ndani kabisa, joto lisilopungua nyuzi 74. Samaki, nyama na wali uliolala vinahitaji uangalifu zaidi.

Chakula chenye ganda au ngozi hufungia mvuke ndani. Yai zima lisipikwe kwenye maikrowevu. Hulipuka, wakati mwingine baada ya kutolewa, likiwa mkononi au mdomoni. Kiazi kitamu kitobolewe kwa uma mara kadhaa kabla ya kuingizwa. Michembe mikavu isiwekwe bila maji, kwani chakula kikavu huungua na kuwaka.

Maji yaliyo ndani ya kikombe laini huweza kupita kiwango cha kuchemka bila kutoa povu hata moja. Mtu akitia majani ya chai au sukari, maji huruka ghafla na kumuunguza uso. Tumbukiza kijiko cha mti kabla ya kupasha, usizidishe muda, na ukimaliza subiri nusu dakika kabla ya kutoa.

Maziwa ya mtoto mchanga yasipashwe kwenye maikrowevu. Chupa huhisi vuguvugu mkononi wakati maziwa ya ndani yana sehemu zinazounguza koo. Weka chupa ndani ya bakuli la maji ya moto, kisha jaribu tone moja juu ya kifundo cha mkono wako.

Kioo cha oveni ya chini hupata joto, nacho kiko kwenye kimo cha mtoto anayejifunza kutembea. Oveni ikiwaka, mtoto asiwepo jikoni bila mtu mzima. Fungua mlango ukiwa umesimama kando, acha mvuke utoke, ndipo uingize mikono yenye glavu nene na kavu. Kitambaa kilicholowa hupitisha joto upesi.

5. Oveni ya chakula haichomi dhahabu

Sehemu hii inahusu ukanda wetu kwa namna ya pekee. Wachimbaji wadogo wengi hukamata dhahabu kwa zebaki, kisha huchoma kidonge chake ili zebaki iondoke na dhahabu ibaki. Kazi hii imekuwa ikifanyika hata majumbani, juu ya jiko la mkaa linalopikia familia. Madhara yake yalichunguzwa kwetu miaka ya mwanzo ya 2000, pale watafiti walipofika Rwamagasa chini ya mradi wa Umoja wa Mataifa kuhusu zebaki. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata wa kudhibiti zebaki mwaka 2020.

Anayedhani kuwa oveni yenye mlango ni salama kwa kazi hiyo anakosea sana. Zebaki huchemka kwenye nyuzi 357, lakini haisubiri kiwango hicho. Hutoa mvuke hata kwenye joto la kawaida la chumba, na hutoa mwingi zaidi inapopashwa. Oveni si chombo kilichofungwa. Feni yake husukuma hewa ya ndani kuingia jikoni. Mvuke huo hauonekani na hauna harufu. Huingia mapafuni, hudhuru ubongo na figo, na humfikia mtoto aliye tumboni. Unaobaki hushikamana na kuta za oveni, na kesho hutoka tena pamoja na mkate. Ndani ya maikrowevu kuna hatari ya ziada, kwa kuwa kidonge hicho ni chuma na huweza kutoa cheche.

Kwa hiyo zebaki isichomwe ndani ya nyumba, kwa kifaa chochote. Ichomewe mbali na makazi, kwa chombo maalumu kilichofungwa ambacho hupoza mvuke na kurudisha zebaki. Oveni iliyowahi kutumika kwa kazi hiyo isipikie chakula tena, wala isiuzwe kama mtumba kwa mwenzako. Mwone afisa afya wa kata akuelekeze namna ya kuiondoa.

6. Hitilafu na ajali

Baada ya kupika, feni huendelea kuvuma kwa dakika kadhaa. Wengi huikata ukutani upesi ili kuokoa uniti za LUKU. Feni hiyo hutumia umeme kidogo sana, na kazi yake ni kulipoza kabati na mitambo. Iache imalize.

Moto ukiwaka ndani, usifungue mlango. Hewa mpya huukuza. Zima kifaa, kata umeme kwenye breka, na usimwagie maji. Moto usipozimika upesi, toa watu wote nje na upige 114, namba ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji.

Mtu akinaswa na umeme, usimguse. Kata umeme kwanza. Aliyeungua apozwe kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 20, kisha apelekwe kituo cha afya. Dawa ya meno, yai, mafuta na asali visipakwe.

Maikrowevu iliyoharibika isifunguliwe na fundi wa redio au mwenye nyumba. Ndani yake kuna kapasita inayoweza kuhifadhi umeme wa volti elfu kadhaa hata baada ya plagi kuchomolewa, nao huweza kuua.

7. Mfundishe anayepika

Kitabu cha maelekezo huja kwa Kiingereza, pengine kwa Kichina, kisha hufungiwa kabatini. Mwenye nyumba, chukua jioni moja ukae na dada wa kazi na watoto wakubwa. Washeni kifaa pamoja. Mwambie akuoneshe chombo kinachofaa na kisichofaa, mahali breka ilipo, na afanye nini moshi ukitoka. Usimuulize kama ameelewa, kwani kwa heshima atasema ndiyo. Mwombe afanye nawe uone. Kisha bandika karatasi pembeni ya mlango, kwa Kiswahili au kwa Kisukuma kama ndiyo lugha anayoisoma kwa urahisi, yenye mistari mitano: chuma kisiingie maikrowevu, plastiki isiingie oveni, yai zima lisiingie maikrowevu, moto ukiwaka usifungue mlango, namba ya zimamoto ni 114.

Mwambie pia kwamba akivunja sahani au akiona cheche, hatakatwa mshahara kwa kusema. Anayeogopa kugombezwa huficha hitilafu, na hitilafu iliyofichwa leo huunguza nyumba kesho.

Maswali ya kujipima

1. Oveni yako ina wati ngapi, na waya wake unatoka wapi?
2. Kwa nini bakuli linalofaa maikrowevu linaweza kuyeyuka ndani ya kifaa cha chumba kimoja?
3. Kwa nini oveni iliyochomewa zebaki isipikie chakula hata ikisafishwa?
4. Je, kila anayebaki nyumbani kwako mchana anajua breka ilipo?

Usipoweza kujibu swali la kwanza, mwite fundi mwenye leseni. Usipoweza kujibu la nne, anza leo jioni.

Imeandaliwa na Kitengo cha Mawasiliano Serikalini, kwa ajili ya elimu kwa umma.